Kuweka turbo kwenye Mazda MX-5 ya zamani: mwongozo kamili, na kwa nini turbo yenyewe unainunua mwisho

Wengi wakishaamua kuweka turbo kitu cha kwanza kununua ni turbo. Mtu anaiona T25 imetolewa kwenye Nissan 180SX, bei imekaa vizuri, anabeba, inalala stoo miezi na miezi, siku inafungwa ndo anagundua pampu ya mafuta haitoshi, nozeli za kupuliza petroli hazitoshi, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haijui kitu kinaitwa busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo), na mkwanja umekata. Hapo ndo gari inaanza kuendeshwa "taratibu tu hadi mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi ukifika pistoni imeshatoboka. Kwa hiyo mimi naenda kinyumenyume, turbo tutaifikia lakini kuna mengi ya kumaliza kwanza.

Nachukua Mazda MX-5 ya kwanza, ile NA, yenye taa za kuinuka, iliyotengenezwa 1989 hadi 1997 na Japan ikiuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Kwetu sio nyingi, Kenya ndo kabisa maana gari iliyopita miaka minane hairuhusiwi kuingia siku hizi, zilizopo ni zile zilizoshaingia zamani. Ndugu zetu walioko Uingereza na Ghuba wanazipata kirahisi zaidi. Nimeichagua kwa sababu ni gari isiyo na mambo mengi, nyepesi, kama tani moja au chini kidogo, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini zake zina ukoo wa turbo, yaani B6 ya 1.6 na BP ya 1.8 zote zina ndugu zao zilizotoka kiwandani na turbo ndani ya Mazda Familia. Uingereza kampuni ya BBR ilikuwa inazifungia turbo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kama hp 150, na Mazda wenyewe 2004 wakatoa Mazdaspeed MX-5 ya umbo la pili yenye turbo, hp 178. Ukiwa na gari nyingine namba zitabadilika ila mpangilio ni huuhuu. Mwenye Altezza ya 3S-GE tu ndo nimtahadharishe, kompresheni yake iko 11 na ushee kwa 1, hiyo ukiijazia turbo bila kugusa pistoni unatafuta matatizo. NA ya 1.6 iko 9.4 na ya 1.8 iko 9.0, hizo zinavumilia.

Kwanza amua unataka hp ngapi

1.6 ilitoka kiwandani na kama hp 115, 1.8 kama 130. Kwa konrodi za kiwandani, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, usipite hp 200 za magurudumuni, wapo wanaopita na wanaishi lakini wewe usipange hivo. Na kinachokunja konrodi ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha, kuliko hp, turbo ndogo sana ikishusha busti yote kwenye rpm 3000 inaipiga konrodi kuliko turbo ya wastani inayoamka 3500 ikapanda polepole. Kwa hiyo lengo letu hapa ni hp 200 magurudumuni, busti ya psi 7 kuanzia (psi ni kipimo cha presha), na ukiongeza unaongeza baadaye kwa ushahidi. Kwenye gari ya kilo 1000 hp 200 ni nyingi, we acha tu.

Hatua ya 1: pima injini kabla hujanunua hata bolti moja

Pima kompresheni, injini ikiwa ya moto, plagi zote nne zimetolewa, mafuta yamekatwa, mtu anakanyaga akselereta mpaka chini huku unapiga staata. Usihangaike sana na namba yenyewe maana geji za mtaani zinatofautiana, angalia silinda zinapishana kiasi gani, zikipishana zaidi ya asilimia 10 simama hapo. Weka kijiko cha oili kwenye silinda iliyo chini upime tena, ikipanda ni ringi, ikikaa palepale ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Turbo haifufui injini iliyochoka, inaimalizia.

Halafu angalia puli ya krenki kama gari ni ya 1.6 za mwanzo, 1989 mpaka mwanzoni mwa 1991. Hizo zina krenki yenye pua fupi, ile bolti ya mbele ikilegea, au fundi akiifunga hovyo wakati wa kubadili taimingi belti, kii inakula njia yake, puli inaanza kuyumba, taimingi inapotea, na mwisho krenki imekufa. Kuitambua ni rahisi, kitovu cha puli kikiwa na nafasi nne ni pua fupi, nane ni pua kubwa. Ukiwa na pua fupi sikukatazi turbo, ila bolti ile ifungwe na mtu mwenye toki renchi na akili timamu. Taimingi belti yenyewe kama huna historia yake badilisha, pamoja na wota pampu na oili sili za mbele, kazi yote ni sehemu moja.

Hatua ya 2: maji

Hapa nakaa kidogo maana ndo panaua hizi gari kwenye joto letu. Injini hii ilizaliwa kwenye gari za kusukuma mbele, imelala kwa upande, themostati ikiwa nyuma ya silinda hedi, maji yanaingia mbele yanapita silinda zote nne yanatokea nyuma. Mazda walipoigeuza wakaifunga kwa urefu kwenye MX-5, themostati ikahamia mbele ili isigusane na ukuta wa nyuma, sasa maji yanaingia mbele na mengi yanatokea hapohapo mbele, silinda ya 4 inabaki na mabaki yanayozunguka kupitia hita. Kwa hp 115 haikuwa shida. Ukiongeza turbo silinda ya 4 ndo ya kwanza kugonga, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa kulipuka wenyewe ndani ya silinda, na geji ya dashibodi usiitegemee ikuonye mapema.

Dawa yake ni kurudisha themostati nyuma, kuna vifaa vya kununua vinavyokuja na kibati na hozi, au fundi mzuri wa kuchonga anakutengenezea, na mlango wa mbele unazibwa, unaacha kijitundu kidogo tu. Pamoja na hiyo weka rejeta ya alumini nene na shrodi ya feni, lile kava linaloizunguka, inayoziba vizuri. Usitoe themostati, najua mafundi wengi wa kwetu kitu cha kwanza ni kuitupa, lakini kontroli boksi inahitaji injini ifike joto lake ndo ipime mafuta sawasawa, bila hivo inaona injini ya baridi kila siku na inaimwagia tu. Na maji yawe na kulanti, sio ya bomba.

Hatua ya 3: mafuta, tupige hesabu

Injini ya turbo ya petroli, kwa hesabu ya kujilinda, kila hp moja ya injini inataka kama cc 6.3 za mafuta kwa dakika. Tunataka 200 magurudumuni, ukihesabu kinachopotea njiani ni kama 230 kwenye injini. 230 mara 6.3 ni 1449. Gawa kwa nozeli nne unapata 362. Ila nozeli haitakiwi kufunguka muda wote, unaiachia asilimia 80, kwa hiyo 362 gawa kwa 0.8 ni kama 453. Nozeli za kiwandani za 1.6 zimezidi 200 kidogo tu, unaona pengo. Nunua za cc 460 mpaka 550, zile za kisasa zenye matundu mengi, na ziwe na data zake za muda wa kufunguka kwa kila voteji, bila hizo data sailensa itanuka petroli na idili itakuwa inapanda na kushuka.

Pampu, ile 1449 ni kama lita 87 kwa saa, pampu ya lita 190 inatosha na inabaki. Watu wanapenda kuweka ya 255, sio mbaya, ila regyuleta ya zamani inaweza kushindwa kurudisha mafuta yote kwenye tanki, presha inapanda wakati gari iko idili. Filta ya mafuta badilisha, na uifungue ile ya zamani uone rangi ya kilichomo, utajua tanki lako likoje.

Hatua ya 4: kontroli boksi

Pesa nyingi peleka hapa, zaidi hata ya turbo. 1.6 ya kiwandani inapima hewa kwa mlango unaosukumwa na upepo, ukishafunguka mpaka mwisho hauna cha zaidi cha kuripoti, hewa inaongezeka na kontroli boksi haijui. Tena hizi gari hazina sensa ya kugonga, injini ikigonga hakuna wa kupunguza moto, yaani kuichelewesha cheche ya plagi. Zamani watu walikuwa wanaweka regyuleta ya kupandisha presha ya mafuta kila busti ikipanda, wakirudisha na moto nyuma kwa kiboksi kingine, ukikuta seti ya aina hiyo inauzwa chukua turbo na manifodi yake, hayo mengine waachie.

Tafuta kontroli boksi inayochomekwa kwenye soketi ya kiwandani, MegaSquirt, Link au Haltech, kutegemea mfuko na fundi wako anajua ipi. Hilo la fundi ni muhimu kuliko jina la boksi. Sensa ya presha iwe ya bar 2.5 au 3, ya bar 1 haioni busti. Ongeza sensa ya joto la hewa baada ya intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, na waidibendi, yaani lamda inayosoma uwiano wa hewa na mafuta kwa namba kamili. Bila waidibendi usiwashe busti.

Fanya hivi: funga nozeli, pampu, kontroli boksi na waidibendi wakati gari bado haina turbo, endesha wiki kadhaa, tibu idili na kuwaka asubuhi. Ukishamaliza hapo, siku turbo ikiingia kitu kipya ni kimoja tu, kikiharibika unajua pa kutafuta.

Hatua ya 5: moto

Plagi za baridi zaidi, kama unatumia NGK BKR6E nenda BKR7E, gepu ifunge mpaka 0.7 mm hivi, busti inazima cheche ya gepu kubwa. Waya za plagi mpya. Na ukishafunga kontroli boksi mpya uifungie taimingi digrii 10 kwenye programu, halafu uhakikishe kwa taimingi laiti kwenye puli kwamba kweli ni 10, ikisoma 14 zungusha sensa ya nyuma ya silinda hedi mpaka programu na puli zikubaliane. Watu wanaruka hii hatua, wanatuni gari nzima kwenye namba ya uongo.

Hatua ya 6: sasa nunua turbo

T25 au T28 ya Nissan za SR20, au GT2560R ya Garrett kama pesa ipo. Iliyotumika ishike shafti uicheze, kwenda upande kidogo kwa zile za bushi ni kawaida, kwenda mbele na nyuma hapana, na mapanga yasiwe yamegusa nyumba yake. Kopi za bei chee zipo kila kona, mimi bora T25 kuukuu iliyofanyiwa sevisi kuliko kopi mpya.

Manifodi chagua ya chuma cha kumwaga, zile za mabomba ya kuchomelea ni nzuri kwa macho na zinapasuka, inabeba uzito wa turbo na inawaka nyekundu. Stadi za turbo na manifodi ndo ugonjwa maarufu wa MX-5, zinalegea zenyewe, unasikia kama chura anapumua ukikanyaga, ukifungua unakuta nati moja haipo na gasketi imeungua. Tumia stadi za Inconel, chuma kinachovumilia joto kali, na vibati vya kufungia nati, na flenji zote uzipitishe kwa fundi wa mashine azisawazishe. Daunipaipu ya inchi 2.5 inatosha, na iwe na kipande kinachonyumbulika, injini inacheza kwenye maunti zake.

Oili ya turbo unaichukua kwenye tundu la sensa ya presha ya oili, unaweka kiungo cha njia tatu, sensa inarudi na turbo inapata yake. Kurudi ndo kazi. Hozi ya kurudisha iwe nene, ishuke bila kona ya kupanda, iingie kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili. Ikiwa na tumbo au ikiingia chini ya usawa, oili inasubiri ndani ya turbo, inapenya kwenye sili, gari inatoa moshi wa bluu na turbo nzima inalaumiwa bure. Vua sampu ndo utoboe. Wapo wanaotoboa ikiwa juu ya gari wakipaka grisi kwenye drili ili chuma kisidondoke ndani, kinadondoka.

Turbo yenye njia za maji iunganishe na maji, usizibe. Intakula iweke mbele ya rejeta na uzibe pembeni ili upepo usikwepe. Ukitaka kujua umuhimu wake, hewa ya Dar ya digrii 30 ikisukumwa psi 7 na turbo ya kawaida inatoka na karibu digrii 85, hiyo ndo ingeenda kwenye silinda.

Hatua ya 7: kuwasha mara ya kwanza

Mimina oili kidogo kwenye tundu la juu la turbo, uizungushe kwa kidole. Chomoa soketi za nozeli na za koili, piga staata kwa vipande mpaka geji ya oili ipande. Rudisha soketi, washa, usipige resi, tochi mkononi uangalie viungo vyote vya oili na maji. Acha ipate moto vizuri, zima, ipoe kabisa, kaza nati za manifodi zote upya. Rudia kukaza baada ya safari za mwanzo. Oili badilisha mapema, kilomita 500 hivi, uchafu wa kazi unatoka nayo.

Hatua ya 8: kutuni, na habari ya bara na pwani

Daino, mashine ya kupima nguvu ya gari, ikipatikana tumia, isipopatikana barabara tupu na mtu wa pili mwenye laptopu, dereva hatazami laptopu. Anza na springi ya westigeti tu, ule mlango wa turbo unaozuia busti isizidi, psi 5 au 6. Kwenye busti uwiano uwe 11.5 mpaka 12 kwa 1, moto uurudishe kama digrii moja kwa kila psi kuanzia, halafu unaongeza taratibu ukisikiliza. Kugonga kunasikika kama changarawe kwenye kopo, ukisikia toa mguu hapohapo. Tuni kwa petroli unayonunua kila siku, sio ile uliyotafuta kwa ajili ya siku ya daino.

Sasa hili wazungu hawaliandiki sana kwa sababu wengi hawaishi hivo. Nairobi iko mita 1,800 hivi, presha ya hewa ni kama psi 12, Mombasa na Dar ni 14.7. Westigeti inajua tofauti tu kati ya ndani na nje, kwa hiyo psi 7 Nairobi ni jumla ya 19, ukishuka Mombasa psi zilezile 7 ni jumla ya 21.7. Geji imesoma sawa, lakini injini inameza hewa asilimia 14 zaidi, na hewa yenyewe ni ya joto zaidi. Gari iliyotuniwa Nairobi ikaisha kwenye kPa 131, ndo zile psi 19, ikifika pwani inaomba 150, huko kwenye jedwali la mafuta na moto la kontroli boksi hakuna aliyepagusa, kuna namba zilizokisiwa na programu. Injini iliyokaa vizuri bara inagongea pwani.

Ukiwa Nairobi, Arusha au Mbeya fanya hivi, jaza mistari ya juu ya jedwali mwenyewe mpaka kPa 170, mafuta mengi na moto mdogo kuliko unavyodhani, weka kikomo cha kukata mafuta kPa 160, na ukishuka pwani siku ya kwanza urekodi upya kabla ya kukanyaga. Ukiwa wa pwani unapanda bara hatari ni ndogo, ila turbo inazunguka zaidi kufikisha busti ileile, usiseme gari imepungua nguvu ukaongeza busti.

Hatua ya 9: vilivyobaki nyuma

Klachi ya 1.6 ni ya mm 200, ya 1.8 ni 215, funga ya 1.8 na flaiwili yake, inaingia bila kelele, na uchague yenye kava gumu kidogo. Difu ya 1.6 ni ndogo na inavunjika, hasa ukizoea kuachia klachi kwa ghafla, ya 1.8 inaingia ukiichukua na ekseli zake na propela. Breki za mbele vilevile za 1.8, diski mm 255 badala ya 235, pedi nzuri na mafuta mapya ya breki. Matairi usiniulize, ya 1999 tupa.

Kama umesoma mpaka hapa ukaona ni kazi na gharama nyingi, hedasi, ekzosti na filta zitakupa hp chache na sauti nzuri, na kuipunguzia gari uzito kutakupa raha zaidi ya hizo hp. Uingereza kabla ya yote piga simu bima, turbo usipoitaja wanaweza kukataa kulipa.

Baada ya hapo sevisi inabadilika. Oili nzuri ya sinthetiki 5W-40 au 10W-40 kila kilomita 5,000, stadi za turbo unazipitisha spana kila ukibadili oili, plagi unazitoa na kuzisoma, na kila ukitoka kuisukuma iache itembee pole dakika chache kabla hujazima, turbo ya moto ikizimwa ghafla oili inaungulia kwenye bushi. Rekodi za waidibendi zihifadhi kwenye laptopu kwa tarehe, ukiona uwiano umehama toka 11.6 kwenda 12.3 na hujagusa kitu, anza na filta ya mafuta na pampu, na usiguse busti mpaka umepata sababu.